Mtazameni Mikono Kabla ya Kumwita Mlevi

Mjomba wangu alifikishwa sehemu ya dharura ya hospitali moja hapa Nairobi wiki iliyopita akiwa amechanganyikiwa, na neno la kwanza kuandikwa kwenye karatasi yake lilikuwa "amelewa". Mjomba hanywi pombe. Ini lake liliharibiwa na homa ya ini aina ya B, na faili la kliniki mkewe alikuwa amelishika mkononi. Hata angekuwa mnywaji ningekasirika vilevile, kwa sababu mlevi naye ana ini, tena lililo hatarini zaidi.

Kisha mke akaambiwa akalipie kwanza kipimo cha amonia, ile sumu ya damuni ambayo ini lenye afya huiondoa. Hapo ndipo hasira ilinipanda. Akili ikivurugika kwa sababu ya ini, daktari huitambua kwa kumtazama mgonjwa na kumuuliza maswali. Amonia ikiwa juu haithibitishi ugonjwa peke yake, wala haisemi umefika daraja gani. Nakubali, shingo upande, kwamba ina kazi moja ya maana: ikitoka ya kawaida, daktari anapaswa kujiuliza upya kama kweli ini ndilo lenye kosa.

Madaraja ya ukali wa hali hii yanajulikana tangu miaka ya 1970, yanaitwa ya West Haven. La 1 ni usingizi kugeuka, makini kukatika, hesabu ndogo kumshinda mtu, wasiwasi au uchangamfu usio na sababu. La 2, anakuwa mzito, siku zinampotea, tabia inabadilika. La 3 amezama usingizini, akiitwa anashtuka lakini hajui yuko wapi. La 4 ni koma.

Sasa sikilizeni alichokuwa nacho yule mama, ambacho hakuna aliyemuuliza. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, mzee alikuwa akisinzia kwenye kiti mchana kutwa, na usiku anazunguka nyumba akifungua na kufunga makabati. Dukani kwake Kayole alianza kurudisha chenji ya ziada. Mtu aliyeuza dukani miaka yote hiyo, anapewa noti ya mia mbili kwa mkate, anaitazama, anahesabu, anaanza tena! Majirani wakasema ni uzee, watu wa kanisa wakaja kumwombea. Hilo lilikuwa daraja la 1, liko wazi kabisa, na shahidi wake amekaa kwenye benchi la hospitali akisubiri risiti. Mgonjwa mwenyewe hawezi kukusimulia, maana kinachougua ndicho anachotumia kujieleza. Muulizeni anayelala naye nyumba moja!

Aliyetuokoa ni daktari kijana wa zamu ya usiku. Alivuta kiti. "Mzee, leo ni siku gani?" Jumapili, akajibu mjomba, ilikuwa Jumatano. "Nyoosha mikono, tanua vidole, kunja viganja nyuma kama unasimamisha matatu." Viganja vikakaa kidogo, vikadondoka, vikainuka kwa mshtuko, vikadondoka tena: hiyo ni dalili mojawapo ya akili kuvurugwa na ini. Akamwomba ataje wanyama kwa dakika moja, kwa Kikamba kama anaona rahisi. Ng'ombe, mbuzi, punda, halafu ng'ombe tena, halafu kimya. Kutaja wanyama ni kipimo halisi, kinafanyiwa utafiti, na kinahitaji saa ya mkononi tu. Daraja la 2, akaandika. Akapima sukari, akauliza kama mzee ameanguka au kugonga kichwa. Ndipo akamgeukia mke: "Mama, ametapika damu? Ana homa? Anameza dawa za usingizi? Choo je?" Choo kilikuwa kimefunga siku kadhaa. Akaanzishiwa laktulosi, dawa ya kufungua choo inayosaidia kupunguza amonia mwilini.

Najua foleni za usiku, na najua daktari mmoja anabeba wodi nzima. Lakini haya yote yalichukua muda mfupi kuliko tuliosubiri dirisha la malipo.

Wenye mgonjwa wa ini nyumbani, andikeni usingizi wake, choo chake na makosa ya hesabu, mkapeleke hiyo karatasi kliniki. Msimnyime maharagwe na mayai kwa kuogopa protini. Ushauri huo umepitwa na wakati, na misuli yake inaihitaji. Na kama anaendesha gari au boda, zungumzeni naye kwa heshima awape funguo mpaka aonwe na daktari.