Nyapara si mwenye shamba

Ukitaka kujua wafanyakazi wanamwonaje msimamizi wao, sikiliza wanavyomwita akishatoka. Kwenye maduka ya jumla ya Nakuru, mashamba ya maua ya Naivasha na viwanda vya samaki vya Kisumu, jina linalokuja upesi kwa bosi anayewaganda watu ni nyapara. Wengine husema mkoloni. Watanzania wana lao, mnoko. Ila nyapara ndilo linalochoma, kwa kuwa lina historia ndefu.

Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilikuwa na wanyapara waliowasimamia wapagazi. Walowezi walipochukua ardhi ya Njoro na Nakuru, nyapara akawa yule anayesimama nyuma ya vibarua, akikagua mistari waliyopalilia. Kuanzia miaka ya 1920 kibarua alivaa kipande, yaani kitambulisho chake cha kazi, shingoni ndani ya kasha la chuma, na hakuweza kuhama kihalali mpaka mwajiri akitie sahihi. Aliyetia sahihi hakuwa nyapara. Nyapara hakuwa na shamba wala hakupanga ujira. Naye alikuwa mwajiriwa, mwenye cheo kidogo na hofu nyingi. Hilo tunalisahau kila tunapolitamka jina lake, na nadhani ndipo malalamiko yetu yanapopotea njia.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji amekaa kaunta miaka mingi, na bati la geji 30 na la geji 32 anayatofautisha kwa kuyashika tu. Fundi anakuja kutaka mabati na misumari ya kuezekea, anaomba apunguziwe shilingi 100. Muuzaji haruhusiwi kuamua. Anampigia msimamizi, msimamizi anampigia tajiri aliye Nairobi, simu haishikwi, fundi anavuka barabara. Jioni kwenye kundi la WhatsApp linaulizwa swali moja: mbona mauzo yameshuka? Juu ya kaunta kuna kamera ambayo tajiri huiangalia kwenye simu yake. Muuzaji akiketi kidogo, ujumbe unaingia kwa msimamizi, naye anaulizwa kwa nini watu wake wanapumzika. Basi anakuja juu, anafoka, na jina la nyapara linamganda.

Waajiri nao wana hoja, tena nzito. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye duka aliyewahi kuibiwa bidhaa kidogo kidogo kutoka stoo hahitaji kufundishwa maana yake. Zipo pia kazi ambazo jicho lisilobanduka ndilo linalozilinda. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, na soko la mbuta likatikisika kuanzia viwandani hadi kwa wavuvi wa ufukweni. Baada ya hapo, msimamizi anayemrudisha mtu akanawe mikono tena, anayedai kofia ya nywele na kupima ubaridi wa minofu kila mara, analinda ajira za watu asiowajua. Naivasha ni vivyo hivyo. Nyumba ya maua ikishapuliziwa dawa, hakuna kuingia mpaka saa zilizowekwa kwa dawa hiyo zipite, hata kama oda inasubiriwa. Msimamizi mkali wa namna hiyo sitaki apunguzwe makali hata kidogo.

Sheria nayo haimkatazi bosi kusimamia. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinahesabu kukataa amri halali kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu papo hapo, ingawa kifungu cha 41 kinataka asikilizwe kwanza. Kamera zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kwa hiyo mimi hutazama kitu kimoja: kosa likitokea, linarekebishika? Minofu iliyooza ikishapanda ndege imeharibu jina la kiwanda. Shilingi 100 za fundi zinapatikana kesho. Kumbana mtu kwenye jambo la pili kama unavyombana kwenye la kwanza ni kumnyima nafasi ya kuwa mjuzi wa kazi yake, na muuzaji hodari asiyeaminiwa na mia moja huhama, akaenda na wateja wake. Hasara hiyo haionekani kwenye kamera.

Lakini anayembana si lazima awe yule tunayemwita nyapara. Mara nyingi msimamizi wa duka hana uwezo wa kuidhinisha punguzo, kumpa mtu ruhusa ya nusu siku wala kubadilisha zamu. Kilichobaki mkononi mwake ni kuchungulia na kuripoti, naye anachungulia kweli, kwa kuwa ndicho anachopimiwa. Kumpeleka semina ya uongozi huku mkono wake umefungwa ni kumwonea. Wa kuulizwa ni mwenye duka: muuzaji wako anaruhusiwa kupunguza hadi shilingi ngapi bila kupiga simu? Hata KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba, kinapokaa na waajiri kuzungumzia mishahara, kingeweza kuliweka mezani na hili: msimamizi anaweza kuamua nini peke yake, na liandikwe.