Nyumba ya urithi, mfuko mtupu

Jamani, wapita njia wakisimama kwenye daka letu hapa mtaa wa Mkomani, Lamu, husema, "Mashaallah, nyumba hii ni mali!" Mali ya nani? Mama ana miaka 81 na anapokea Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo haziwezi hata kununua pampasi za kumtosha wiki mbili.

Boriti za chumba chake zimeliwa na mchwa. Tangu 2001 mji wa kale ni urithi wa dunia wa UNESCO, na nyumba kama hii haitengenezwi hivi hivi tu. Ni boriti, mawe ya matumbawe, chokaa na fundi anayezijua kazi hizo. Fundi naye anajua kwamba anajua, basi bei yake utaipenda! Kisha kila kipande kinapanda punda kutoka gatini, na punda halipiwi kwa dua.

Ngazi ndizo zinazonimaliza. Mama hawezi kushuka tena, kwa hivyo kila kliniki natafuta vijana wanne wa kumbeba kwa kiti, maana gari halipiti vichochoroni. Vijana ni wa mtaani, wanamwita "mamii" kwa wingi, lakini ya chai lazima uwatoe.

Na yule dada anayemwogesha mchana anataka mshahara wake mwisho wa mwezi. Haki yake, simlaumu.

Ndugu zangu wako Mombasa. Juzi mmoja kapiga simu, si kutuma kitu. Eti, "Kwa nini msiuze?" Mama alikuwa akisikia.