Kitabu Kilichowaka Ndani ya Basi

Ukipanda basi la usiku kutoka Arua kwenda Kampala, omba usikae na mama mwenye maswali. Mimi nilikuwa na kitabu cha maisha ya Marie Curie. Jirani yangu alikuwa na kuku wawili kikapuni, rosari shingoni, na maswali.

"Mwanangu, huyo mama wa kwenye jalada amekasirikia nani?"

Nikamweleza. Alizaliwa Warsaw mwaka 1867, chuo kikuu cha huko hakikupokea wanawake, akaenda kusoma Paris. Mwaka 1898 yeye na mumewe Pierre wakagundua elementi mbili zinazotoa miale, poloniamu na radiamu. Mama aliitikia kwa adabu tu, mpaka nilipofika kwenye kibanda kinachovuja, Marie akikoroga madini yanayochemka kwa fimbo ya chuma inayokaribia urefu wake.

"Kama anapika pombe ya kwete!" akasema, akanisogelea. "Walimlipa?"

"Tuzo ya Nobel, mama. Mara mbili, 1903 na 1911."

Hapo ningenyamaza. Lakini msikilizaji mzuri ni ulevi. Nikaendelea: usiku mume na mke walirudi kibandani kutazama chupa zao zikiwaka gizani. Miale ile ikamharibia damu, akafa 1934. Madaftari yake mpaka leo yanatoa miale, yamefungiwa Paris kwenye masanduku yenye madini ya risasi, na nusu tu ya radiamu huisha kwa miaka kama 1600.

Mama akakitazama kitabu changu. "Na hicho?"

"Hiki kimechapwa juzi, mama. Hakina kitu."

Hakujibu. Nikainuka kutoa sweta kwenye mzigo wa juu, nikarudi, nikakuta kitabu kimefungwa vizuri kitini. Nikakipakata.

Tulipopita Pakwach kondakta akazima taa. Kitabu kikawaka.

Mwanga wa kijani ulikuwa unachungulia katikati ya kurasa. Nikakifungua, nao ukanimulika kidevu.

"Yesu na Maria! Kimeanza!"

Kuku wakatoka. Nyuma mtu akapiga kelele kwa Kilugbara, mwingine akadhani bomu, dereva akakanyaga breki. Kondakta akaja na tochi ya simu, akakidaka kitabu kwa gunia, mkono ameuficha ndani ya shati, akakipeleka kwenye buti kwenye magunia ya samaki wakavu. Kijana wa kiti cha mbele akaniuliza nywele zake zitaanza kunyonyoka lini. Nilijaribu kueleza, lakini nani atamsikiliza mtu ambaye kidevu chake kimetoka kuwaka?

Tukaondoka, watu wakiwa wamenibania pua. Karibu na Karuma mama akajishika shingo.

"Rosari yangu!"

Alikuwa ameichomeka ndani ya kitabu ili kinikinge. Ni zile rosari za plastiki zinazokunywa mwanga wa taa na kuutoa gizani. Buti likafunguliwa tena, kondakta akaivuta kwa kijiti, bado inang'aa kidogo. Basi zima likacheka, isipokuwa mama.

"Si mmeona ilivyofanya kazi?" Akaivaa, akalala, akakoroma mpaka Kampala.

Asubuhi nikakidai kitabu changu, kinanuka samaki tangu Warsaw mpaka tuzo ya pili. Kondakta akanyoosha mkono.

"Elfu tano."

"Ya nini?"

"Ya buti. Samaki wamelipiwa, mwalimu. Kitabu hakijalipiwa."