Tembo wanne ukutani: Tingatinga na swali la nani aamue sanaa ni nini

Kwenye vibanda vya wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, kando ya Barabara ya Haile Selassie, Oysterbay, Dar es Salaam, niliwahi kusimama mbele ya picha nne za tembo zilizotundikwa kwenye ukuta mmoja. Zote zilikuwa na machweo yaleyale ya rangi ya chungwa yanayofifia hadi kuwa njano, mbuyu uleule usio na majani, na tembo watatu waliofuatana kwa ukubwa, mdogo akiwa wa mwisho. Kwa kutazama haraka, tofauti niliyoiona ilikuwa upande ambao mkonga umepindia. Rafiki niliyekuwa naye, ambaye amesomea uchoraji chuoni, alitikisa kichwa na kusema kwamba hapa kuna bidhaa, sanaa hakuna. Kijana aliyekuwa ameketi chini akitia madoa mgongoni mwa chui hakuinua hata uso.

Kauli ya rafiki yangu si ngeni, na si ya kupuuzwa. Mtindo huu umebeba jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama, ndege na watu kwenye vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kuezekea dari, akitumia rangi ya mafuta ambayo mafundi waliitumia kupaka baiskeli, na picha zake zikawa zinauzwa hapohapo Oysterbay, ambako wageni wengi waliishi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Kazi yake yote ya uchoraji, kwa hiyo, haikufika miaka mitano. Ndugu na wanafunzi aliowafundisha waliendelea, wakafundisha wengine, wakaunda ushirika wao rasmi mwaka 1990, na leo picha za namna hiyo zinauzwa katika maduka ya watalii kuanzia Zanzibar hadi Nairobi.

Wanaokataa kuziita sanaa wana historia yao pia. Katika Afrika Mashariki, elimu ya juu ya uchoraji ilianzia Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha mwaka 1937, na huko ndiko alikopitia Sam Ntiro, Mtanzania aliyechora maisha ya Wachaga, mashamba yao na sherehe zao, na ambaye mchoro wake mmoja uliingia katika jumba la makumbusho la MoMA la New York mwaka 1960. Kwa waliolelewa katika njia hiyo, mchoraji ni mtu mwenye jambo lake la kusema na jicho lake la kuonea, na picha ni mahali ambapo hayo mawili hukutana mara moja tu. Wakitazama vibanda vya Oysterbay wanaona kinyume chake. Mchoraji anayekaa Mbagala huona daladala, foleni za maji na misiba ya jirani kila siku, lakini anachora twiga kwa sababu twiga ndiye anayenunuliwa. Akiuza twiga mmoja asubuhi, mchana anamchora mwingine wa kujaza nafasi iliyobaki ukutani. Katika hali hiyo, wanauliza, anayechora ni nani hasa: ni huyu aliyeshika brashi, au ni mgeni ambaye bado yuko kwenye ndege?

Swali hilo ni zito, na sijaona mtetezi wa Tingatinga aliyelijibu vizuri. Jibu la kawaida ni kwamba kutenga sanaa na ufundi ni mazoea ya Ulaya ambayo hayatuhusu. Lugha yenyewe inawaunga mkono kiasi. Neno “sanaa” tumelichukua kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kutengeneza kitu kwa ustadi, na hata katika mgawanyo wa kiserikali nchini Tanzania uchoraji na uchongaji huwekwa chini ya “sanaa za ufundi”, jina ambalo halioni aibu kumweka fundi ndani ya sanaa. (Mtaani nako “usanii” umekuja kumaanisha ulaghai, lakini hilo tuliache kwa siku nyingine.) Watetezi huongeza kwamba kurudia si dhambi katika jadi zetu. Mshairi anayetunga tarbia hufuata mizani kumi na sita na vina ambavyo wengine wamevifuata kabla yake kwa vizazi, na hatumwambii kwamba amenakili. Mchongaji wa Kimakonde anayechonga nguzo ya watu waliobebana, ile tunayoiita ujamaa, anarudia umbo ambalo wenzake pale Mwenge wamelichonga mara nyingi, na bado tunajua kutofautisha nguzo nzuri na mbaya.

Mfano wa shairi unavutia, lakini ukiuchunguza unawageukia walioutoa. Mtunzi wa tarbia hurudia umbo, harudii maneno. Angepeleka gazetini beti za mwenzake baada ya kubadilisha kina kimoja, wasomaji wangemwandama wiki nzima. Tembo wanne wa Oysterbay hawashirikiani umbo tu, wanashirikiana karibu kila neno. Kwa hiyo hoja ya jadi inautetea mtindo wa Tingatinga kwa jumla, nami naikubali kwa kiwango hicho, lakini haiitetei picha hii au ile, na mnunuzi hanunui mtindo, ananunua picha.

Upande wa pili nao una udhaifu wake, na kesi moja ya Marekani inauonyesha waziwazi. Mwaka 1926 sanamu ya shaba ya mchongaji Constantin Brancusi, iliyoitwa ndege lakini isiyo na mbawa wala mdomo, ilifika New York, na maofisa wa forodha wakakataa kwamba ni sanaa. Kazi za sanaa ziliingia bila ushuru. Hii waliiweka kundi moja na vyombo vya jikoni na vya hospitali na kudai asilimia 40 ya thamani yake. Shauri lilikwenda mahakamani, wataalamu wakaitwa kutoa ushahidi wa pande zote mbili, na mwaka 1928 mahakama ikaamua kwamba ni sanaa. Sehemu ya hoja iliyoipa ushindi ni kwamba ilikuwa kazi halisi ya mchongaji wa kitaaluma. Yaani ili kujua kama kitu ni sanaa, mahakama iliuliza kwanza kama aliyekitengeneza ni msanii, na ili kujua hilo ikawasikiliza watu ambao tayari walikuwa wanakubalika kuwa wanajua. Kwa kipimo hicho Edward Tingatinga wa mwaka 1969, ambaye hakupita shule yoyote ya uchoraji na ambaye hakuwa na mtaalamu wa kumsimamia kizimbani, angelipa ushuru.

Leo mbao zake zinatafutwa na wakusanyaji na zimekuwa na thamani ya kutosha hata watu kughushi sahihi yake. Mbao hazikubadilika, rangi ni ileile ya baiskeli, na chui ni yuleyule mwenye macho ya pembeni. Kilichobadilika ni kwamba aliyezichora amekufa, idadi yake haiongezeki tena, na wenye fedha wamezipenda. Anayesema kwamba wasomi ndio walinzi wa kipimo cha sanaa anapaswa kueleza kwa nini katika jambo hili walifika baada ya wanunuzi, wengine wao wakiwa ni haohao watalii wanaolaumiwa kwa kuharibu mtindo.

Serikali haitusaidii sana, ingawa ina vyombo vyake. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, husajili wasanii na kutoa vibali, lakini usajili hueleza nani anafanya shughuli ya sanaa, haupimi kazi yake. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo karibu zaidi na kiini cha mgogoro: inalinda kazi mahususi ya mtu, hailindi mtindo, na kazi za mikono nazo zimo. Tembo wako ni wako. Namna ya kuchora tembo ni ya wote.

Mimi naona kosa la pande zote mbili ni kuhukumu ukuta mzima kwa mara moja. Kundi moja linasema vyote ni bidhaa, jingine linasema vyote ni urithi, na hakuna anayelazimika kusogea karibu. Walio karibu ni wachoraji wenyewe, na maoni yao ndiyo yanayoulizwa mara chache zaidi, labda kwa kuwa tunadhani wana njaa mno kuwa na maoni. Kweli wanaishi kwa mnunuzi na hilo linawabana. Lakini mtu aliyechora tembo mia mbili anajua kuhusu tembo wa rangi ya mafuta jambo ambalo mimi na rafiki yangu hatulijui.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza yule kijana, kama angepewa bure moja ya zile nne, angechukua ipi. Aliweka brashi juu ya kopo, akanyoosha kidole kwenye ya tatu bila kufikiri. Akatueleza kwamba aliyeipaka ile alizichanganya rangi za machweo kwa sponji zikiwa bado mbichi, kwa hiyo huoni mahali chungwa linapokwisha, ilhali nyingine tatu zilisubiriwa zikauke na zimebaki na mstari. Tena, alisema, tembo mdogo wa ile amenyanyua mguu. Wa nyingine wamesimama tu kama meza. Rafiki yangu alisogea, akavaa miwani, akainama. Mstari ulikuwepo. Zote nne zilikuwa na bei moja.