Mkrismasi Kukatwa Novemba, Kweli?

Jumamosi nilipita kwenye bustani moja ya umma hapa Dar, ile ninayokatiza kila mwaka mwezi kama huu kutazama mikrismasi, ile miti ya maua mekundu, ikianza kuwaka. Nikakuta magogo yamesimama. Miti minne imefyekwa mpaka karibu na shina, matawi yamelundikwa kando ya njia, na vitumba bado vimo, vya kijani, mviringo kama njegere. Nikabinya kimoja. Ndani petali nyekundu zimeshakunjwa vizuri, zimebakiza siku mbili tatu tu.

Jamani, mti unaitwa mkrismasi! Jina lenyewe ni kalenda. Mlitaka ujitambulishe vipi tena?

Nikamwamkia mzee aliyekuwa anafagia, "Shikamoo baba," nikamuuliza kulikoni. "Marahaba mwanangu. Tumeambiwa maua yanachafua njia."

Yanachafua! Zulia jekundu ambalo maharusi wanalikodi kwa hela, sisi linadondoka bure, tunaliita uchafu. Arusha mijakaranda inamwaga zambarau barabarani, watu wanaikanyaga na hawajafa.

Mti huu asili yake Madagaska. Kiangazi unapukutisha majani, unabaki mifupa na maganda meusi yananing'inia (utotoni yalikuwa mapanga yetu, na yakikauka ukiyatikisa yanalia kama kayamba). Kisha joto la mwisho wa mwaka linapanda, vuli inagusa, na mti unalipuka. Okota ua moja ulitazame: petali nne nyekundu, ya tano imejitenga, nyeupe yenye madoa, kama mtu kairushia rangi kwa brashi. Na yote hayo hutokea kwenye ncha za matawi. Ukifyeka ncha, umefyeka msimu mzima.

Haya, nakubali, matawi yake hayana nguvu, upepo ukivuma yanaangukia magari, na mizizi inainua vigae. Basi pogoeni Februari, maua yakishaisha. Mwaka huu Februari ilipita, panga lilikuwa wapi?

Desemba, ngojeni muone, wataleta mti wa plastiki wenye theluji ya pamba wausimamishe pale getini, kwenye joto hili la kutoa jasho mpaka kisigino.

Mimi niliokota tawi moja, nikapanda nalo daladala watu wakinishangaa. Liko barazani kwenye ndoo ya maji. Leo asubuhi vitumba viwili vimepasuka.