Aktiki: Usalama wa Nani?

Siku hizi Aktiki, eneo la kuzunguka Ncha ya Kaskazini, ikitajwa kwenye habari, utaona nyambizi na meli za kuvunja barafu. Sikatai kwamba hofu ipo. Finland iliingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, mwaka 2023, Uswidi ikafuata 2024, na sasa nchi saba kati ya nane za Aktiki zimo humo. Ya nane ni Urusi. Kinachoniuma ni kwamba wenyeji hawaonekani katika mazungumzo hayo.

Chukua Newtok, kijiji cha Wayupiki, wenyeji wa Alaska huko Marekani. Hakikupigwa kombora. Ardhi iliyoganda tangu enzi na enzi ilianza kuyeyuka, mto Ninglick ukawa unaumega ukingo mwaka hadi mwaka, nyumba zikainama. Wanakijiji walihangaika zaidi ya miaka 20 kabla familia za kwanza hazijahamia Mertarvik, ng'ambo ya mto, mwaka 2019. Jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani ni la nchi yao, na halikuwa na la kuufanya ule mto.

Mwindaji wa Kiinuiti, wenyeji wengine wa Aktiki, naye, kabla ya kukanyaga barafu ya bahari, huipiga kwa ncha ya chusa. Ikizama kirahisi, hapiti. Ujuzi huo karithi kwa wazee, lakini barafu yenyewe siku hizi inachelewa kuja na inawahi kuondoka. Kwangu mimi, huo ndio usalama wa kwanza: mtu atoke kutafuta riziki na arudi nyumbani.

Baraza la Aktiki, jukwaa la nchi hizo nane lililoundwa Ottawa, Kanada, mwaka 1996, liliweka masuala ya kijeshi kando kwa makusudi, na jumuiya sita za wenyeji huketi humo pamoja na serikali. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi nyingine saba zilisitisha ushiriki wao. Uamuzi ule naulewa. Lakini meza iliyofungwa ilikuwa pia ya wenyeji, na kazi za kitaalamu zimerejea kwa kusuasua.

Wapo wanaosema tuige Mkataba wa Antaktika wa 1959, uliopiga marufuku shughuli za kijeshi katika bara lile la Ncha ya Kusini. Mkataba mzuri, naupenda, ila kule hakuna mwenyeji hata mmoja wa kuulizwa. Aktiki wapo. Mawaziri wa nchi zote nane wakiketi tena, ningependa wawakilishi wa wenyeji waseme kwanza, na ajenda ianzie kwenye nyumba zinazoinama.