Baa ya Mtaa Ikifufuliwa: Mabomba Manane au Matatu?

The Ivy House ni baa ya Nunhead, kusini-mashariki mwa London. Ilifungwa Aprili 2012, na jengo lilikuwa hatarini kuuzwa kwa mwekezaji. Wakazi waliiandikisha kuwa mali yenye thamani kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2011, ikawa baa ya kwanza nchini Uingereza kupata hadhi hiyo. Kisha wakainunua kwa msaada wa mikopo, wakauza hisa kwa watu 371, na Agosti 2013 milango ikafunguliwa tena. Mitaa mingine imefuata njia hiyo, na mara nyingi baa inayofufuliwa hivi hujinadi kwa wingi wa bia zake, kila bia na bomba lake kaunta.

Sababu inaeleweka. Baa nyingi za Uingereza ni mali ya kampuni ya bia au ya majengo, na mara nyingi mpangaji hulazimika kununua bia kwa mwenye nyumba kwa bei anayopangiwa. Wakazi wakishakuwa wenye baa, kifungo hicho hukatika: wiki hii wanachukua mapipa kwa mpishi mdogo wa bia wa jirani, wiki ijayo kwa mwingine. Isitoshe, supamaketi inauza bia ya kopo kwa bei ambayo baa haiwezi kuifikia. Kitu ambacho supamaketi haina ni bia hai ya pipa, ile inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa lenyewe na kuvutwa kwa pampu ya mkono bila kusukumwa na gesi. Anayetetea mabomba mengi ana hoja.

Taabu inaanzia kwenye stoo ya chini. Pipa la kawaida la bia hai ni la galoni 9, yaani karibu lita 41, au painti 72 kabla hujatoa mashapo yanayobaki chini. Likishafunguliwa, kila painti inayovutwa huingiza hewa mahali pake. Siku ya kwanza hewa hiyo haina neno, na wapo wanaosema huilainisha ladha. Kufikia siku ya tatu gesi imepungua na bia imepooza. Ikizidi hapo, bakteria wa siki wanaanza kazi yao. Kwa hiyo pipa linapaswa kwisha ndani ya siku tatu.

Sasa piga hesabu. Mabomba manane ni painti 576 kwa siku tatu, sawa na 192 kwa siku. Mteja akinywa painti mbili, baa inahitaji wanywaji 96 wa bia ya pipa kila siku, Jumatatu ya mvua ikiwemo, bila kuwahesabu wanaokunywa lager, divai au soda. Mabomba matatu yanahitaji wanywaji 36. Baa inayofunguliwa upya hujaa wiki za mwanzo kwa sababu mtaa mzima unakuja kuona, na idadi ya mabomba hupangwa kwa kutazama umati huo. Mwezi wa tatu umati umepungua, mabomba yako palepale, na meneja anaona uchungu kumwaga nusu pipa. Halimwagi. Mteja wa Jumatano ndiye anayelipia uchungu huo.

Jengo lililokaa limefungwa lina matatizo yake pia. Mipira ya kupitishia bia iliyoachwa na unyevu huota utando wa hamira na bakteria ambao dawa ya kusafishia haiung'oi wote. Ni kubadilisha mipira yote tu. Baada ya hapo inasafishwa kila siku 7. Stoo ikae kati ya nyuzi 11 na 13. (Kwa aliyezoea kuulizwa kaunta ya Dar au Nairobi, “baridi au ya moto?”, hii iko katikati, na makusudi kabisa: ikipoa mno ladha inajificha na bia inaweza kupoteza uangavu, ikipata joto inachacha ovyo.) Pipa lilazwe mahali pake lisisogezwe tena, litobolewe na kupachikwa kijiti cha kupumulia, liachwe siku moja au mbili mashapo yatulie, na lionjwe kabla ya kuuzwa. Ukiwa na mapipa manane yanayouzwa, unahitaji nafasi ya mengine kadhaa yanayotulia, na stoo nyingi za baa za mtaa hazina nafasi hiyo.

Ziko njia za kati. Pipa dogo la galoni 4.5 lina painti 36, na kwa kuwa linazidi lita 20, bia yake bado inapata nafuu ya ushuru wa bia ya bomba iliyoanza Agosti 2023. Kasoro ni kwamba kuosha na kusafirisha pipa dogo ni kazi karibu sawa na pipa kubwa, hivyo kila painti inagharimu zaidi. Bia kali inayonywewa polepole inafaa kuwekwa kwenye kegi, kwa sababu humo gesi ndiyo inayoisukuma na hewa haiingii. Mapipa manne yaliyochaguliwa vizuri, moja la bia nyepesi chini ya asilimia 4, moja la rangi ya dhahabu, moja jeusi na moja la kubadilishwa, yanatosha mtaa wa kawaida. Mapipa manane ambayo sita ni bia za dhahabu zenye hops zilezile, mmea unaoipa bia uchungu, ni wingi wa vibao vya majina tu kwenye mabomba.

Anayekwenda kutembelea baa ya namna hii asihesabu mabomba. Aulize pipa lipi limefunguliwa leo au jana. Mhudumu anayeijua stoo yake atajibu papo hapo. Aombe kuonja, au anunue theluthi ya painti, kipimo halali kisheria. Anuse kwanza: siki ni pipa lililokaa mno, siagi ni bia iliyotolewa kabla hamira haijamaliza kazi au mipira michafu, karatasi iliyolowa ni bia iliyopigwa na hewa. Bia kutokuwa angavu peke yake si ushahidi, maana wapishi wengine sasa hawatii dawa ya kutulizia mashapo, ile inayotokana na kibofu cha samaki. Aulize kama ndivyo ilivyokusudiwa. Bia mbovu irudishwe kaunta bila aibu, baa ya maana itabadilisha.

Mtu akienda Ijumaa usiku, karibu kila baa itampa bia nzuri, kwa kuwa mapipa yanakwisha haraka. Jumanne jioni ndiyo ya kupimia. Akikuta vibao vya mabomba mawili vimegeuzwa upande wa nyuma, kuonyesha kwamba pipa limekwisha na jingine linatulia, hiyo ni baa inayotunza stoo.